Nani Anayeharibu Picha Sebuleni?

Siku hizi nyumba nyingi zimeweka kompyuta ndogo chini ya televisheni. Mara nyingi ni kompyuta iliyofanya kazi ofisini miaka kadhaa huko Ulaya au nchi za Ghuba, ikauzwa kwa bei nafuu, ikaletwa kwetu. Mwenye nyumba huiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, huweka ndani yake programu kama Kodi au VLC, na jioni jamaa wote huketi kutazama filamu, mpira, au picha za harusi ya shangazi. Ni jambo jema, wala halina gharama kubwa.

Lakini huja siku ambapo picha yaanza vituko. Yaganda, huku sauti yaendelea. Mabaka ya kijani yatokea usoni mwa watu. Pengine kioo chote huwa cheusi kwa sekunde mbili tatu, kisha picha yarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Na la ajabu ni kwamba filamu nyingine, kwenye mashine hiyo hiyo, jioni hiyo hiyo, yaonekana safi kabisa. Hapo watu huanza kubishana. Baba asema mashine imekufa. Kijana asema faili ni mbovu. Fundi akiitwa asema vyote viwili, kisha ataja bei.

Nataka tuliangalie jambo hili taratibu, mimi na wewe, maana fedha za nyumbani hupotea hapa bure, na mara nyingine hupotea kitu ambacho fedha haziwezi kukirudisha.

Kwanza yafaa kujua video ni nini. Picha moja ya ukubwa uitwao 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kila sekunde. Kama kila nukta ingeandikwa kamili, kwa baiti 3 za rangi, filamu ya saa mbili ingejaza zaidi ya gigabaiti 1,000. Nawe waibeba mfukoni kwenye flashi ya gigabaiti 8, na nafasi yabaki! Imewezekanaje?

Imewezekana kwa sababu faili haibebi picha zote. Hubeba picha moja kamili, kisha maelezo ya mabadiliko tu: ukuta haukuondoka, mwenye baiskeli amesogea kidogo upande wa kuume, anga ni lile lile. Baada ya sekunde chache huja picha nyingine kamili, na maelezo yaanza upya. Anayesoma maelezo hayo na kuzijenga tena picha zote ndiye king'amuzi. Neno hili twalijua sote tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wakahangaika madukani kutafuta ving'amuzi. Kompyuta nayo ina king'amuzi chake ndani, ila hakionekani, na kwa kuwa hakionekani hakuna anayekishuku.

Sasa fikiri: ikiwa mabadiliko ya picha moja yamesomwa vibaya, picha ya pili hujengwa juu ya kosa, na ya tatu juu ya kosa la pili. Ndiyo maana baka la kijani huanza dogo shavuni, likafuata kila mtu anavyogeuza kichwa, likaenea. Kisha ghafla latoweka lote. Si miujiza, ni picha kamili mpya imefika.

Jambo la pili, nalo ndilo kiini cha maneno yangu yote: katika kompyuta kuna wang'amuzi wawili, si mmoja. Wa kwanza ni prosesa, yule mfanyakazi mkuu, ambaye hung'amua kwa kufuata programu. Huyu aweza kujifunza mtindo wowote ukimpa programu inayofaa, lakini huchoka, hupata joto, na hula umeme. Wa pili ni sakiti maalumu iliyochongwa ndani ya chipu ya picha. Hii hufanya kazi upesi na kwa ubaridi, lakini hujua yale tu iliyofundishwa kiwandani, wala haifundishiki tena. Ni kama mashine ya kusaga. Gunia la mahindi yalimaliza mara moja, lakini ukiitia nazi huambulii tui.

Mitindo ya kufunga video nayo haikukaa mahali pamoja. H.264, ambao bado ndio unaoenea kila mahali, ulikamilishwa mwaka 2003. Mwaka 2013 ukaja HEVC, ambao wengine huuita H.265, ukiwa na shabaha ya kupunguza ukubwa wa faili kwa nusu hivi bila kuharibu sura. Mwaka ule ule Google ilileta VP9, na mwaka 2018 ukaja AV1. Kila chipu yajua mitindo iliyokuwapo ilipochorwa. Intel ilianza kutia sakiti yake ya kung'amua, iitwayo Quick Sync, katika prosesa za mwaka 2011. Hizo hazijui HEVC hata kidogo, maana ilikuwa haijazaliwa.

Lakini shida si kujua au kutojua tu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtindo mmoja wa HEVC una matawi. Lipo tawi la biti 8, ambalo kila rangi ina ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga, na lipo tawi la biti 10, lenye ngazi 1,024, ambalo hufanya anga la jioni lionekane laini bila mistari. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, zina sakiti kamili ya HEVC ya biti 8. Kwa biti 10 hazina sakiti kamili. Katika Windows, draiva, yaani ile programu inayoiongoza chipu, iligawa kazi hiyo: sehemu ikafanywa na sakiti, sehemu ikafanywa na viungo vingine vya chipu ya picha. Kizazi cha saba kilichofuata kina sakiti kamili ya biti 10.

Basi tazama: kompyuta mbili zafanana sura, zafanana bei, zimekaa rafu moja dukani. Moja ina i5-6500, nyingine i5-7500. Tarakimu ile ya kwanza, 6 au 7, ndiyo itakayoamua kama jioni yako ya sinema itakuwa ya furaha au ya manung'uniko. Muuzaji mara nyingi hajui hili, wala simlaumu, kwa sababu mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya barua na hesabu za ofisi.

Nikupe mfano. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu alikuwa na kompyuta ya namna hiyo, yenye i5-6500. Kwa miaka miwili ilimwonyesha filamu na taarifa za habari bila matata. Kisha binti yake alikuja likizo na simu mpya, akampiga video bibi yake, mama mzazi wa mwalimu, aliyekuwa amepita miaka themanini. Dakika ishirini bibi aliketi barazani akisimulia majina ya babu zao, mmoja baada ya mwingine, na jinsi walivyohama kutoka mlimani. Miezi michache baadaye bibi alifariki.

Siku ya arobaini, jamaa walipokusanyika, mwalimu aliwaonyesha video ile kwenye televisheni. Haikupita robo dakika, uso wa bibi ukaganda. Sauti yake yaendelea kutaja majina, lakini uso umesimama, na baka la kijani limemfunika jicho moja. Wengine walilia, na nadhani waelewa kwa nini. Fundi aliyeitwa kesho yake alisema faili imeharibika wakati wa kunakiliwa kutoka kwenye simu, haina dawa, na afadhali ifutwe. Mashine nayo, alisema, imechoka. Yeye anayo nyingine ya kuuza. Simu ya binti ilikuwa imekwisha kufutwa vitu vyote kabla ya kupewa mtu mwingine, kwa hiyo faili ile kwenye flashi ilikuwa ndiyo pekee duniani.

Mama mwenye nyumba alikataa isifutwe, bila kutoa hoja yoyote ya kitaalamu. Alikataa tu. Akawa na haki kuliko sote.

Jambo la kwanza lililofanywa lilikuwa kutoa nakala mbili za faili, moja kwenye diski ya kompyuta na moja kwenye flashi nyingine. Nakuomba ulitie hili moyoni: kabla hujagusa mpangilio wowote, nakili. Kutoa nakala kwenye diski kuna faida nyingine pia, kwani flashi ya bei rahisi yaweza kusoma polepole mno, na video ya simu za siku hizi hutaka kusomwa upesi. Picha ikitulia baada ya kuhamishiwa kwenye diski, umekwisha kumpata mwizi. Vivyo hivyo kama filamu hupitia kwenye mtandao wa nyumbani bila waya: ihamishie kwanza ndani ya mashine, halafu uitazame.

Kwa mwalimu haikutulia. Basi zikaandikwa saa. Mara ya kwanza picha iliganda kwenye sekunde ya 12, tena kwenye 31. Faili ikaanzishwa upya. Safari hii ikaganda kwenye 9, ikapita 12 salama, ikaganda kwenye 40. Dalili hii ni ya thamani kubwa, na haigharimu kitu ila karatasi na kalamu. Faili iliyoharibika kwa kawaida huharibika pale pale kila mara, kama kitabu kilichochanika ukurasa. Ukianza upya na taabu yabadili mahali, anza kumshuku msomaji badala ya kitabu.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Katika VLC bonyeza Ctrl na P pamoja, mipangilio itafunguka. Ingia sehemu ya Input / Codecs, tafuta mstari unaohusu kung'amua kwa msaada wa chipu ya picha, uuzime, uhifadhi, kisha funga VLC na kuifungua tena. Kwa kufanya hivyo umeinyima sakiti kazi; prosesa peke yake ndiyo itakayong'amua. Katika Kodi mpangilio kama huo umo katika sehemu ya kichezeshi, upande wa video, lakini hauonekani mpaka uongeze ngazi ya mipangilio kule chini kushoto kutoka ile ya kawaida hadi ya wajuzi.

Ikawaje? Feni ilipiga kelele kama inayotaka kuruka. Prosesa ilifanya kazi karibu nguvu zake zote. Picha iliruka kidogo kila binti alipozungusha simu. Lakini mabaka yote ya kijani yalitoweka, na uso wa bibi ulionekana mzima kuanzia mwanzo hadi dakika ya ishirini. Hapo mambo mawili yakajulikana kwa mpigo: faili ilikuwa nzima, na mashine haikufa. Walioshindwa ni wale wawili waliogawiwa kazi moja, sakiti na wenzake ndani ya chipu ya picha. Kwa kubonyeza Ctrl na J, VLC ikaonyesha habari za faili: HEVC, nukta 3,840 kwa 2,160, biti 10. Ndilo tawi lile lile ambalo kizazi cha sita hakikulipata kamili.

Labda utaniuliza: je, jaribio hili halidanganyi kamwe? Hudanganya mara chache. Programu huwa na uvumilivu kuliko sakiti. Faili yenye kosa dogo huweza kupita kwa prosesa bila kuonekana, ambapo sakiti ingejikwaa. Kwa hiyo jaribu pia faili nyingine mbili tatu za mtindo ule ule. Zote zikileta taabu sakiti ikiwa kazini, na zote zikitulia ikizimwa, huna haja ya kuuliza zaidi. Ikiwa moja tu yaleta taabu, rudi kwenye faili hiyo. Na ikiwa taabu ni ile ile kwa chipu na kwa prosesa, tena mahali pale pale, sikitika, maana hapo faili kweli ina jeraha.

Mwalimu alikuwa na bahati ya kuwa na jawabu lililo wazi. Mashine nyingine huwa na ujuzi wote unaotakiwa, na bado zayumba. Kwa hizo, kwanza hakikisha nani yuko kazini. Katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, chagua GPU, ndiyo chipu ya picha. Utaona michoro midogo. Mmoja huandikwa Video Decode, ingawa kwenye chipu nyingine jina laweza kutofautiana kidogo. Filamu ikichezwa na mchoro huo umelala chini kabisa, huku prosesa imepanda juu, sakiti haifanyi kazi hata kama mpangilio wasema umeiwasha. Katika Kodi ni rahisi zaidi: bonyeza herufi O wakati filamu yaendelea, nayo itakuandikia jina la mng'amuzi, na kando yake HW ikiwa ni sakiti au SW ikiwa ni programu.

Ukiona kioo huwa cheusi kidogo kisha kurudi, yafaa ujue kitu kimoja kuhusu Windows. Tangu enzi za Windows Vista, mfumo huo huiangalia chipu ya picha kama mwangalizi wa mtihani. Chipu ikikaa sekunde 2 bila kujibu, mfumo huiwasha upya kwa nguvu. Kompyuta haizimiki, ila draiva huanza tena, na tukio hilo huandikwa katika daftari la matukio ya mfumo kwa namba 4101. Ukifungua daftari hilo ukaikuta namba hii, saa ile ile ambayo picha ilipotea, basi si waya, si televisheni, si faili peke yake. Chipu ilinyamaza.

Kwa nini inyamaze? Mara nyingi ni draiva. Windows hupenda kuleta draiva mpya yenyewe usiku, na kilichokuwa kikienda vizuri Jumamosi hakiendi Jumapili. Katika ukurasa wa vifaa waweza kuirudisha draiva ya zamani, au kuchukua ile iliyotolewa na kiwanda cha kompyuta yenyewe. Lakini kwa mashine za zamani usitarajie makubwa: mwaka 2022 Intel iliziweka prosesa zake za kizazi cha sita hadi cha kumi katika kundi la vifaa vya zamani, ambavyo hupata matengenezo ya lazima tu. Na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hali Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi cha sita na karibu zote za kizazi cha saba. Nadhani hii ni sababu mojawapo mashine hizi zimekuwa rahisi hivi. Anayetaka kujua kama kosa ni la draiva ya Windows au la chipu yenyewe aweza kuwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha kitu, na kucheza filamu ile ile. Ila asome vizuri kila swali kabla ya kukubali, asije akafuta diski yake.

Kama si draiva, tazama joto. Taabu ya joto ina tabia yake: filamu yaanza vizuri, yaenda nusu saa au zaidi, ndipo vituko vyaanza, ukizima na kupumzisha, yaanza vizuri tena. Fungua kifuniko umeme ukiwa umechomolewa. Utakuta vumbi limefunga mapezi ya chuma kama blanketi. Kompyuta iliyosafiri kutoka ofisi yenye zulia, ikaja kukaa katika kabati la televisheni lisilo na tundu, itawezaje kupumua? Shika feni isizunguke, pulizia hewa, na uitoe kabatini. Ile dawa ngumu ya kijivu kati ya prosesa na chuma chake, ikiwa imekauka kama udongo, ibadilishwe na fundi. Ni kazi ndogo.

Na kumbukumbu, ndiyo ile RAM. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Huazima ya kompyuta. Mashine za ofisi mara nyingi huja na kipande kimoja tu cha RAM, kwa hiyo hupitisha data kwa njia moja badala ya mbili. Kwa barua haina neno. Kwa video kubwa, njia hiyo hujaa. Kipande cha pili kilicho sawa na cha kwanza, kilichotumika, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, nami naona ni fedha zilizotumika vema.

Sipendi, niseme wazi, tabia ya kubadilisha mambo matano kwa mpigo: draiva mpya, toleo jipya la Kodi, waya mpya, RAM mpya na mipangilio kumi, yote jioni moja. Hata picha ikitulia hutajua ni lipi lililoiponya, na ikirudi kuharibika wiki ijayo utaanza tena gizani. Badili kimoja, cheza faili ile ile, dakika zile zile, andika. Ndipo cha pili.

Yako pia mambo yanayofanana na taabu ya king'amuzi nayo siyo. Picha ikikatika pamoja na sauti, na televisheni ikaandika kuwa hakuna mawimbi, angalia waya wa HDMI. Nyaya za zamani zilitosha kwa gigabiti 10.2 kwa sekunde, hali picha ya 4K kwa mara 60 kila sekunde huhitaji nyaya za gigabiti 18. Tena, filamu ya picha 24 ikionyeshwa kwenye televisheni inayobadilisha picha mara 60, hesabu haigawanyiki sawa. Picha moja hukaa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera inapotembea polepole jicho laona mtetemo. Watu huzima sakiti kwa ajili ya hilo, wala haisaidii. Katika Kodi upo mpangilio wa kuifanya televisheni ifuate mwendo wa filamu, uuwashe, yatosha. Na rangi zikionekana zimepauka kama kitambaa kilichoanikwa juani, huenda video ilipigwa kwa mtindo wa mwanga mpana uitwao HDR, na televisheni yako ni ya kawaida. Hilo nalo si ubovu.

Kuhusu kununua, sina maneno mengi. Usimwulize muuzaji kama mashine inacheza 4K, maana atasema ndiyo. Chukua flashi yenye video zako mwenyewe, ile ya simu hasa, umwombe aicheze dakika kumi mbele yako. Wala usidhani kipya hujua yote. Ile kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, ya mwaka 2019, ina sakiti ya H.264 na ya HEVC. Raspberry Pi 5, ya mwaka 2023, imebaki na ya HEVC tu, H.264 huachiwa prosesa yake, ambayo kwa kweli ina nguvu za kutosha. Kwa AV1, sakiti zake katika kompyuta za nyumbani zilianza kuonekana mwaka 2020, kwa hiyo mashine yoyote ya kabla ya hapo itang'amua kwa prosesa.

Turudi kwa mwalimu, maana hukuambiwa alifanyaje. Hakununua mashine. Alitumia HandBrake, programu ya bure, akatengeneza kutoka kwenye faili ile nakala nyingine ya mtindo wa H.264, ukubwa wa 1080, biti 8. Ni kazi ambayo haina haraka. Mashine haionyeshi picha, yaandika tu, hata ikichukua saa nyingi hakuna kitakachoruka. Aliianzisha baada ya chakula cha usiku, akalala. Rangi zilipungua uzuri kidogo, kama ilivyotarajiwa, lakini sakiti ya kizazi cha sita huisoma nakala hiyo bila kutoa jasho, na feni haisikiki.

Faili ya asili haikuguswa. Nakala yake moja iko kwenye flashi kabatini mwa mama mwenye nyumba, moja kwa binti, na ya tatu kwenye diski ya mjukuu anayesoma chuo, ambaye ameanza kuyaandika yale majina ya babu, mmoja baada ya mwingine, akisimamisha video na kuirudisha nyuma kila anapokosa kusikia vizuri.